Watunga Shanga na Soko Lao

Msomaji, kitu kidogo kama ushanga hakitazamiwi kuwa na historia ndefu. Huanguka katika ufa wa sakafu ukapotea, na uzi ukikatika, shanga hutawanyika zisiokotwe zote. Walakini katika nchi yetu ya Kenya ushanga umedumu kuliko falme zote tunazozisoma vitabuni. Ulikuwapo kabla ya jembe, kabla ya chungu cha udongo na kabla ya ng'ombe kufugwa. Hata leo, ukipita katikati ya Nairobi siku ya soko, utawakuta wanawake na vijana wametandaza vitambaa chini, na juu yake wamepanga mikufu, vidani, bangili, hereni na mishipi ya shanga, kila kimoja kimetungwa kwa mkono.

Nataka tufuatane katika habari hii, si kwa ajili ya kusifu uzuri wa mapambo, maana uzuri huo waonekana kwa macho wala hauhitaji wakili. Nia yangu ni kuuliza swali moja: katika miaka yote hiyo, ni nani aliyekuwa na neno la mwisho juu ya thamani ya pambo? Je, ni aliyelitengeneza, ni aliyelinunua, au ni yule aliyesimama katikati yao?

Magharibi ya ziwa Naivasha, katika miteremko ya Mau, liko pango liitwalo Enkapune ya Muto. Watafiti wa mambo ya kale walichimba humo wakakuta shanga zilizofanywa kwa maganda ya mayai ya mbuni, zenye umri upatao miaka 40,000. Hazikuwa shanga kamili peke yake. Vilikuwamo vipande vilivyochongwa nusu, na vingine vilivyovunjika kabla kazi haijaisha. Kwangu mimi vipande hivyo vilivyovunjika ndivyo vyenye thamani zaidi, kwa sababu vinatuonyesha fundi akiwa kazini. Ganda la yai la mbuni ni gumu nalo ni jepesi kupasuka. Yampasa fundi alivunje vipande vidogo, atoboe kila kipande kwa jiwe lenye ncha, kisha avisugue kingo mpaka viwe duara. Akikaza mkono kupita kiasi, kazi ya saa nzima huharibika mara moja. Watu wale waliishi kwa kuwinda na kuokota matunda na mizizi, na kila siku ilikuwa na shida zake. Hata hivyo waliona ni haki kutumia saa nyingi juu ya kitu kisicholiwa wala kisichokinga baridi.

Upande wa pwani, katika pango la Panga ya Saidi lililoko Kilifi, umepatikana ushanga wa kombe la baharini wenye umri wa zaidi ya miaka 60,000. Na tukivuka maji hadi kisiwa cha Pemba, mahali paitwapo Tumbe, tutakuta mabaki ya mji uliokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10. Humo vimeokotwa vigae vingi mno vyenye mifereji iliyochimbika kwa kusuguliwa. Vigae hivyo vilikuwa vinoo vya kulainishia shanga za kombe. Vimetapakaa majumbani, jambo linaloonyesha kwamba kazi hiyo ilifanywa nyumbani na watu wengi, wala haikuwa siri ya mafundi wachache. Basi yeyote anayedhani kwamba Mwafrika alingoja kuletewa ushanga na mgeni, na afikiri tena.

Wageni nao walileta wa kwao, na habari hii yafaa tukae nayo kidogo. Tangu kale majahazi yaliyosukumwa na pepo za kaskazi yalileta katika miji ya pwani shanga ndogo za kioo kutoka Bara Hindi, pamoja na akiki nyekundu iliyochongwa na mafundi wa Gujarati. Baadaye, hasa katika karne ya 19, zikaja shanga za Ulaya. Nyingi zilitoka Venice, mji wa Italia uliokuwa na mafundi mashuhuri wa kioo, nyingine Bohemia. Zilishushwa Unguja mapipa kwa mapipa, na kutoka huko zikabebwa na wapagazi kuingia bara. Katika safari hizo ushanga ulikuwa fedha. Kwa shanga, nguo na masango, yaani nyaya nene za shaba, msafara ulinunua nafaka, ulilipa ushuru wa njia, na ulipata pembe za ndovu.

Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani mpaka ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 na 1858, aliandika kwamba aina za shanga zilizojulikana katika biashara hiyo zilipata 400. Zilikuwa na majina yake, na majina hayo yalitungwa na wenyeji wa nchi hizi wala si wenye viwanda. Shanga nyekundu zenye moyo mweupe ziliitwa samesame. Hizo hizo zilipewa lakabu ya kimara pamba, yaani kimaliza chakula, kwa sababu mtu alikuwa tayari kutoa posho yake ili azipate. Tena ziliitwa kivunja mji, kwa kuwa wanawake walizipenda hata wakaweza kuitia nyumba nzima katika hasara. Mzaha huu ni wa wanaume, bila shaka. Sijui wanawake waliwaitaje wanaume waliotoa pembe nzima ya ndovu kwa ajili ya bunduki mbovu.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hulisahau. Mwaka 1871 Henry Stanley alipokuwa Unguja akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, shanga zilimtia katika mashaka makubwa kuliko vitu vingine. Aliambiwa kwamba Unyamwezi walipokea nyekundu na kukataa nyingine zote. Nyeusi zilikuwa fedha halali Ugogo, lakini kwingine hazikuwa na thamani hata kidogo. Zile kubwa zenye umbo la yai, zilizoitwa sungomaji, zilipendwa Ujiji, na penginepo zikakataliwa. Nyeupe zilifaa Ufipa, bali Wakonongo wangezidharau. Akakaa akipiga hesabu: atapita nchi ipi kwa siku ngapi, na huko wanataka rangi gani. Msafiri aliyekosea hesabu hiyo alijikuta katikati ya nchi yenye chakula tele, na mizigo yake imejaa mali, ilhali watu wake wanalala na njaa.

Basi nani aliyekuwa na amri hapo? Kiwanda kilikuwa Venice, ghala lilikuwa Unguja, bunduki ilikuwa mkononi mwa kiongozi wa msafara, lakini neno la mwisho lilikuwa la mwanamke wa kijijini aliyeushika ule uzi wa shanga, akautazama juani, akaurudisha. Alijua anachotaka. Mitindo ilibadilika upesi, na rangi iliyopendwa mwaka huu iliweza kukataliwa mwaka ujao. Mfanyabiashara aliyebaki na shanga zilizopitwa na wakati alipata hasara kamili.

Lakini tusiipambe historia kuliko inavyostahili. Shanga hizo hizo zilinunua pembe kwa thamani iliyo ndogo mno ukilinganisha na bei ya pembe huko Ulaya, na katika njia zile zile, pamoja na pembe, walipita wanadamu waliofungwa minyororo. Yule aliyekuwa na haki ya kuchagua rangi hakuwa na habari ya bei ya pembe London au Bombay. Uhuru wa kuchagua pasipo kujua bei ya mbali ni uhuru nusu, na nakuomba ulikumbuke jambo hili, kwa maana tutakutana nalo tena.

Katika nchi ya Wamaasai masharti yalikuwa magumu zaidi. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko kuanzia mwaka 1883, alilazimika kukaa Taveta na watu wake kwanza, wakifumua na kutunga upya shanga zake makumi ya maelfu ya nyuzi, ili kila uzi uwe na urefu uliokubaliwa na Wamaasai. Bila hivyo zisingepokelewa. Fikiria wapagazi, watu waliozoea kubeba mizigo mabegani, wameketi vivulini siku kwa siku wakishika sindano na nyuzi kwa sababu wanawake ambao hawajawaona bado wana kipimo chao!

Hata hivyo, wakati ule shanga hazikuwa ndilo pambo kuu la Wamaasai. Pambo kuu lilikuwa chuma na shaba. Wanawake walizungushiwa mikononi na miguuni nyaya nzito, na shingoni walivaa duara za waya zilizotandazwa kama sinia. Wahunzi wao, waitwao ilkunono, ndio waliofua mikuki na mapambo ya madini, na jambo la kusikitisha ni kwamba walidharauliwa. Watu wa koo nyingine hawakukubali kuoana nao. Mkuki uliheshimiwa, aliyeufua hakuheshimiwa. Jirani zao Wakamba hawakuwa na ubaya huo. Walisifika kwa kufua mikufu ya chuma na shaba, yenye pete ndogo ndogo zilizoshikana kwa ustadi wa ajabu, na wakaiuza kwa makabila ya karibu nao. Wakamba walikuwa wafanyabiashara hodari wa misafara tangu kabla ya wageni wa Ulaya kuijua bara, na nadhani ndiyo sababu waliona fahari katika kutengeneza na kuuza kwa mikono ile ile.

Pwani kulikuwa na utaratibu mwingine. Katika miji kama Lamu na Mombasa pambo lilikuwa kazi ya sonara, naye alifanya kwa kuagizwa. Mteja alileta fedha au dhahabu yake mwenyewe, mara nyingi sarafu, ikapimwa mbele yake, ikayeyushwa, ikawa vikuku, mtali wa mguuni, kipini cha puani au kidani cha bibi arusi. Alilipa ujira wa kazi, wala hakununua madini. Kwa hiyo katika mapambo ya pwani thamani ya kitu na thamani ya mkono wa fundi zilitengwa waziwazi, kila mtu akajua fundi anapata kiasi gani. Wasiokuwa na uwezo wa fedha walikuwa na majasi ya masikioni yaliyofanywa kwa karatasi za rangi zilizokunjwa na kuviringishwa kwa unadhifu mkubwa. Kwa macho yangu, jasi la karatasi lililoviringishwa vizuri halishindwi na la fedha.

Tuwarudie Wamaasai na jirani zao Wasamburu. Shanga za kioo zilipozidi kupatikana mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, hasa baada ya reli kujengwa na maduka ya Wahindi kuenea mpaka vijijini, wanawake walizichukua wakafanya jambo jipya kabisa. Waliziunganisha na waya na ngozi wakabuni zile duara pana za shingoni, zile hereni ndefu, na ile mishipi yenye michoro, ambayo leo ulimwengu mzima huitambua. Kwanza walitungia mishipa ya wanyama na nyuzi za mimea, baadaye nailoni. Ili safu za shanga zisilegee, waliweka vijiti vya ngozi ya ng'ombe vyenye matundu. Siku hizi wengi hukata vijiti hivyo kutoka madebe ya plastiki, navyo hufanya kazi ile ile.

Yako maneno yanayorudiwa kila mara na wauzaji, kwamba nyekundu maana yake ni hivi, buluu ni hivi, nyeupe ni hivi. Maneno hayo si uongo mtupu, kwa kuwa rangi zina uhusiano na ng'ombe, maziwa, mbingu na majani. Lakini ukimsikiliza mtungaji mwenyewe, mara nyingi hazungumzii rangi moja moja. Huzungumzia namna rangi zinavyokaa pamoja: ipi ipakane na ipi, ipi ikate nyingine, ipi isimame katikati. Rangi mbili zikiwekwa vibaya, wenzake watasema kazi haikutulia. Rika moja hupenda mpango huu, rika lifuatalo huupindua ili wajulikane kuwa wao ni wengine. Kwa hiyo sanaa hii ambayo wageni huiita ya tangu na tangu, kwa kweli haikai mahali pamoja hata miaka 20. Malighafi yake hutoka mbali, zikiwamo shanga za mji wa Jablonec katika nchi ya Cheki, na baadaye nyingi za China zilizo rahisi zaidi. Baadhi ya watu hutahayari wakilisikia jambo hili, kana kwamba limeivua sanaa uhalali wake. Kwa nini? Wino wa mshairi nao hutoka dukani.

Katika enzi hizo pambo la shanga halikutengenezwa ili liuzwe. Mama alimtungia binti yake anayeolewa, msichana alimtungia mpenzi wake, dada alimtungia kaka anayeingia ujana. Likizeeka lilifumuliwa, shanga zikatumika tena. Mwuzaji alikuwa mwenye duka aliyeuza shanga; aliyezitunga hakuuza kitu. Mageuzi makubwa ya habari yetu ni hapa: siku yule aliyetunga kwa ajili ya jamaa yake alipoanza kutunga kwa ajili ya mtu asiyemjua, atakayeondoka kwa ndege kesho.

Mageuzi hayo yalishika nguvu baada ya uhuru wa mwaka 1963, watalii walipoongezeka. Mara nyingine yalianzia mahali usipopatazamia. Mwaka 1969 kilianzishwa huko Bombolulu, Mombasa, kiwanda cha kazi za mikono kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa viungo. Humo walitengeneza mapambo ya shaba, mbegu na shanga, yakauzwa nchini na ng'ambo, na watu waliokuwa wakihesabiwa kuwa mzigo kwa jamaa zao wakawa walezi wa jamaa hizo hizo.

Nairobi nayo ilipata duka lililobadili mawazo ya wengi. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa sanaa za Afrika. Alikutana na Mmarekani Alan Donovan, aliyekuwa ameonyesha Nairobi vyombo na mapambo ya Waturkana, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakafungua African Heritage. Kabla ya hapo mapambo ya Waafrika yaliuzwa kama ukumbusho wa safari, yamechanganywa na pembe za swala na ngoma ndogo. Pale yaliwekwa katika nafasi yake, yakaangaziwa, yakavaliwa na wasichana warembo mbele ya hadhara katika maonyesho yaliyozunguka hata ng'ambo. Ushanga, shaba, mfupa na fedha ya kale viliunganishwa katika mikufu mipya. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa mjini aliyesoma, ambaye pengine mama yake aliambiwa shuleni avue mapambo ya kikwao, aliyanunua kwa bei kubwa na kuyavaa kazini. Duka hilo halipo tena, lakini sehemu ya hazina ya Murumbi imehifadhiwa katika jengo la Nyaraka za Taifa, Nairobi, nawe waweza kwenda kuitazama.

Mwaka 1975, huko Karen, Susan Wood alianza na wanawake wawili kufinyanga shanga za udongo katika kibanda kidogo. Akaziita Kazuri. Udongo uliletwa kutoka sehemu za Murang'a, ukafinyangwa vidonge kwa mkono, ukatobolewa, ukachomwa, ukapakwa rangi, kisha ukachomwa tena mpaka rangi ing'ae kama kioo. Wanawake wawili wakawa mamia, wengi wao wakilea watoto peke yao. Waona, msomaji, tumezunguka dunia nzima tukarudi kwenye ushanga uliofanywa kwa kitu cha hapa hapa. Na katika vibanda vya Kibera, vijana wameufuata mwendo huo kwa njia yao. Huchukua mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni, huichemsha, huikata, huing'arisha na kuitia michoro. Au huyeyusha kufuli kuukuu na mabomba ya shaba, wakamimina hereni na bangili. Mafundi wa Lamu nao wamebuni pete za fedha zilizopachikwa vipande vya sahani za kale, vile vigae vya rangi ambavyo watoto huviokota ufukweni.

Hao wote huhitaji mahali pa kuuzia, na mahali mashuhuri kuliko pote ni lile soko la wazi liitwalo Soko la Kimaasai. Halina jengo. Ni soko linalohama: siku moja lipo mtaa huu, siku nyingine mtaa ule. Kwa miaka mingi Ijumaa lilikuwa Gigiri, na mwisho wa juma uwanja wa magari karibu na Mahakama Kuu uligeuka kuwa bustani ya rangi. Jina lisikudanganye. Pamoja na Wamaasai wamo Wakamba, Wakikuyu, Wakisii, Waluo na wengine, na yule aliyetandaza bangili za shanga huenda akawa hajapata kufika Kajiado.

Hapo ndipo swali letu la kwanza linaporudi, nalo limekuwa kali. Fanya hesabu ndogo pamoja nami, na tarakimu hizi uzichukue kuwa ni za mfano tu. Mama wa kijijini amenunua shanga na uzi kwa shilingi 150. Ameketi siku moja na nusu akatunga bangili pana. Mchuuzi amekuja akainunua kwa shilingi 300, kwa kuwa mama ana haja ya unga leo, na nauli ya Nairobi itakula faida yote. Mchuuzi anaiuza sokoni shilingi 700. Lakini mtalii hakuja sokoni peke yake; ameongozwa na dalali aliyemshika mkono langoni, na dalali atadai fungu lake, kwa hiyo mtalii anatajiwa shilingi 1,500. Bangili hiyo ikifika katika duka la Ulaya itawekewa bei ambayo mama yule akiisikia atadhani wanataja bei ya mbuzi. Na sehemu yake ni ile ile: shilingi 150 kwa siku moja na nusu ya macho na vidole.

Wapo watakaosema kwamba mchuuzi na dalali ni wezi. Mimi sisemi hivyo juu ya mchuuzi. Yeye hulipa nauli na kodi ya mahali, huvumilia jua na mvua, na pengine hurudi nyumbani hakuuza hata kipuli kimoja. Dalali sina wema wa kumsemea. Lakini kosa kubwa liko kwingine: mtungaji haijui ile bei ya mbali. Yuko pale pale alipokuwa yule mzee aliyeuza pembe ya ndovu mwaka 1860. Tena amepoteza hata ile haki waliyokuwa nayo wanawake wa zamani, haki ya kusema rangi hii siitaki. Mnunuzi wa Ulaya hutaka bangili nyembamba, rangi zilizopoa, na mia moja zinazofanana. Mtungaji hutunga hizo, hata kama kwa macho yake kazi haikutulia.

Njia moja ya kuliponya jambo hili imekuwa vikundi. Wanawake hujiunga, wakanunua shanga kwa jumla, wakagawana kazi, wakamtuma mmoja wao sokoni. Ukame ukiwaua ng'ombe, kama ulivyofanya kaskazini mwa Kenya kuanzia mwaka 2020 hadi 2022, fedha za shanga ndizo hununua chakula, na ni fedha za mwanamke mwenyewe. Serikali nayo ilitunga sheria mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, ili mgeni asitwae mchoro wa watu na kuufanya mali yake pasipo ridhaa yao. Ni sheria njema. Walakini hulinda mchoro, wala haipangi ujira wa aliyeutunga.

Kisha ukaja mwaka 2020. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona ndege za kimataifa zilisimamishwa tangu tarehe 25 Machi mpaka tarehe 1 Agosti. Soko lililotegemea wageni lilikauka kama kisima. Wauzaji walikunja vitambaa vyao. Wengine wakauza mboga, wengine wakarudi kwao. Waliobaki iliwabidi wamgeukie mteja waliyekuwa wakimpita ili wamkimbilie mzungu, yaani Mkenya mwenzao. Walipiga picha bangili zao kwa simu wakazituma, wakapokea fedha kwa simu, wakapeleka mzigo kwa boda boda.

Mteja huyu alikuwapo zamani, ila alikuwa hajapewa uzito. Ndiye avaaye bangili yenye rangi za bendera, nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe, ambayo hata wakuu wa nchi wameonekana wameivaa. Ndiye bibi arusi anayetaka kidani cha shanga juu ya gauni jeupe, na bwana arusi anayetaka mshipi unaolingana nacho. Naye si mteja mwepesi. Hana haraka ya ndege, tena dalali hamwezi, kwa kuwa bei za mjini anazijua. Huigeuza bangili atazame fundo lilivyofungwa nyuma. Huuliza kwa nini shanga za kijani zimepishana ukubwa. Huivuta kidogo aone kama uzi ni imara. Kazi ikiwa njema hulipa, na juma lijalo humleta dada yake. Akiona imefanywa kwa pupa, huirudisha juu ya kitambaa pasipo neno, akasogea kwa jirani.